Salibu Juu ya Paa: mwongozo kamili wa kujenga anga la kusini ukutani kwa vipande vya sahani

Kuta nyingi za shule na vituo vya watoto zimechorwa anga la usiku, na karibu zote zimechorwa vilevile: nyota zimenyunyizwa kama mchele, pembeni roketi, juu hilali yenye nyota katikati ya pembe zake. Nyota haiwezi kukaa pale. Kati ya pembe za hilali upo mwezi wenyewe, upande wake wenye giza, na nyota iliyo nyuma yake hufichika. Mtoto anayesoma ukuta huo mchana akitoka nje usiku hakuti hata kitu kimoja alichokiona.

Ninaueleza hapa ukuta wa namna nyingine. Ukisimama mbele yake usiku wa Juni na kuinua macho juu ya paa, unakuta nyota zilezile, kwa mpangilio uleule, upande uleule, na katikati yake Salibu, yaani Msalaba wa Kusini, kundi la nyota lenye umbo la msalaba. Mimi ni fundi wa malumalu, kwa hiyo nyota zangu si za rangi. Ni vipande vya sahani, vikombe na vigae, vimepachikwa kwenye lipu. Vipimo ninavyotoa ni vya Bagamoyo, na nitaonyesha namna ya kuvirekebisha kwa Mombasa, Mtwara au Nairobi.

Tafuta ukuta unaotazamwa kuelekea kusini

Usianze na ukuta mzuri kuliko yote. Anza na mwelekeo. Unatafuta ukuta ambao mtu akiutazama, yeye mwenyewe anaelekea kusini. Pwani yetu dira ya bure ipo: kibla. Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga na Mombasa, tofauti yake ni ndogo mno. Kipe kibla mgongo, na mbele yako ni kusini. Palipo mbali na msikiti, tumia dira ya simu, lakini isogeze mbali na mabati na nondo kwanza, maana chuma huipotosha.

Ukubwa ninaoupendekeza ni mita 6 kwa upana na mita 3 kwa urefu, sawa na ubavu wa darasa la kawaida. Nusu mita ya chini haitakuwa anga. Matope ya mvua huruka hadi hapo, kwa hiyo hapo patachorwa ardhi: mikoko, minazi, mapaa ya mtaa wenu, vyote vyeusi kama vinavyoonekana usiku. Zinabaki mita 2 na nusu za anga.

Kisha kaulize ruhusa kwa mwenye ukuta, kwa kamati ya shule kama ni shule, na kwa mwenyekiti wa mtaa. Omba ruhusa ya maandishi hata kama wote ni jamaa zako. Viongozi hubadilika, na anayefuata anaweza kuja na ndoo ya chokaa akisema hakuambiwa. Uliza pia kama kuna mpango wa kufunga taa kubwa upande huo. Kama upo, tafuta ukuta mwingine.

Usiku wa kwanza: keti na wazee

Hatua hii watu huiruka, nami naiona kuwa ndiyo inayoufanya ukuta uwe wenu. Chagua usiku usio na mwezi, siku mbili tatu kabla ya mwezi kuandama. Tandika mikeka. Zima simu, kwani jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 gizani kabla ya kuona vizuri, na kioo cha simu hufuta kazi hiyo yote mara moja. Anayehitaji tochi aifunge karatasi nyekundu.

Waalike wavuvi, manahodha wa zamani, wakulima, bibi waliokulia shambani. Usiwaulize "nyota hii inaitwaje kisayansi". Waulize walikuwa wakiitazama ili kujua nini. Sisi tulimwamkia mzee mmoja aliyekuwa baharini tangu ujana, "Shikamoo babu," akaitikia marahaba, akakaa kimya kitambo, kisha akanyoosha mkono kulia, chini kabisa, akasema, "Ile Suheli. Sasa inakwenda kulala." Watoto walikuwa hawajawahi kusikia kuwa nyota ina jina la Kiswahili. Suheli ndiyo Canopus, ya pili kwa kung'aa katika anga lote la usiku, na mabaharia wa Bahari ya Hindi waliitumia kujua kusini ni wapi.

Andika kila jina kama lilivyotamkwa. Wawili wakitofautiana, yaandike yote mawili. Kuna yatakayosemwa ambayo hayahusu upande wa kusini, kama Kilimia, kile kishada cha nyota kilichochukua jina lake kutoka kulima. Yahifadhi hayo pia. Wahenga walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kalenda inakubali: machweo ya mwanzoni mwa Mei, masika yakiendelea, kinapotea magharibi, Juni kinarudi alfajiri upande wa mashariki, na mvua zimekwisha. Huo ni ukuta wenu wa pili, wa mashariki, mwaka mwingine.

Pima anga kwa ngumi

Nyosha mkono mbele yako, kunja ngumi. Upana wa ngumi ni karibu nyuzi 10 za anga. Mtoto mwenye ngumi ndogo ana mkono mfupi pia, kwa hiyo kipimo hakimtupi mbali. Kutoka upeo wa macho hadi utosini ni ngumi tisa.

Sasa hesabu ya ukuta. Kila nyuzi moja ya anga ichukue sentimita 5 ukutani. Ngumi moja inakuwa mraba wa sentimita 50. Mita 2 na nusu za urefu ni ngumi tano, mita 6 za upana ni ngumi kumi na mbili, jumla miraba 60.

Ili kupata mahali pa kila nyota, tumia Stellarium, programu ya bure ya kompyuta. Weka mji wenu, weka tarehe 5 Juni, saa mbili usiku kwa saa za Afrika Mashariki, elekea kusini. Chapisha picha, au ichore kwa mkono kutoka kwenye kioo. Juu ya picha piga mistari ya miraba 60, namba chini, herufi pembeni. Usichukue ramani ya nyota kutoka kitabu kilichoandikiwa Ulaya: nyingi zinamchukulia msomaji kuwa anaelekea kusini akiwa kaskazini ya dunia, na Salibu haimo kabisa, kwani huko haichomozi.

Kwa nini saa mbili ya mwanzo wa Juni? Wakati huo Salibu inasimama wima katikati ya kusini, kipupwe kimeingia, mawingu ya masika yamepungua, na watoto bado hawajalala. Nyota huwahi kwa dakika 4 kila siku, saa mbili kwa mwezi. Anga hilohilo mtaliona saa nne usiku mwanzoni mwa Mei, na saa sita usiku mwanzoni mwa Aprili.

Kabla ya kwenda ukutani, hakikisha picha yako ina vitu hivi. Katikati, Salibu imesimama, kichwa chake Gacrux, mguu wake Acrux. Kushoto kwake, karibu ngumi moja, Beta Centauri, na kushoto zaidi Rijili Kantori, ambayo vitabu vingi huiita Alpha Centauri. Hizo mbili ndizo mashahidi wa Salibu. Kulia kuna nyota nne nyingine zinazofanana na msalaba, kubwa zaidi na hafifu zaidi, zisizo na mashahidi. Wengi hudanganyika nazo. Chini kulia, karibu na upeo wa macho, Suheli inazama. Ukuta ukizidi mita 6, kushoto anaingia Nge, kundi jingine la nyota, akiwa na moyo wake mwekundu.

Tena kuna nukta isiyo na nyota ambayo naipenda kuliko nyota zote za ukuta huu. Chukua urefu wa Salibu kutoka Gacrux hadi Acrux, endelea kwenda chini kwa mstari uleule mara nne na nusu. Unafika ncha ya kusini ya anga, kitovu ambacho nyota zote za kusini hukizunguka. Urefu wake kutoka upeo wa macho ni sawa na latitudo ya mahali ulipo, yaani umbali wake kutoka ikweta kwa nyuzi. Bagamoyo ni nyuzi 6 na kidogo, yaani sentimita 32 juu ya mstari wa ardhi ukutani. Mombasa ni nyuzi 4, sentimita 20. Mtwara ni nyuzi 10, sentimita 50. Nairobi ni nyuzi moja na ushee, sentimita 6 tu. Ukuta wa Mtwara na ukuta wa Nairobi haviwezi kuwa kimoja, na hapo watoto wanaelewa bila mhadhara kwamba dunia ni mviringo. Tuliipachikia nukta hiyo kipande kimoja cheusi, kinachong'aa.

Andaa ukuta: hapa ndipo kazi nyingi hufa

Kwanza jua ukuta umejengwa kwa nini. Ukuta wa tofali na saruji wenye lipu mpya usubiri siku 28 kabla ya rangi. Ukuta wa zamani usugue kwa brashi ya waya hadi kila kinachoachia kiachie. Ukiona unga mweupe unatoka kwenye lipu, hiyo ni chumvi, mara nyingi kwa sababu mchanga ulichotwa ufukweni bila kuoshwa. Ipanguse ikiwa kavu, osha kwa maji baridi ya bomba au kisima kisicho na chumvi, acha ukuke, rudia. Chumvi ikiendelea kutoka baada ya mara tatu, piga lipu upya kwa mchanga wa mto.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ni jambo jingine kabisa. Ukuta huo unapumua. Unyevu hupanda kutoka chini na kutokea usoni. Ukuta wetu wa kwanza ulikuwa wa namna hiyo, nasi tuliupaka rangi ya mafuta tukidhani tunaulinda. Masika yalipokuja rangi ilivimba kama mkate wa kumimina, kisha ikabanduka vipande vipana kama kiganja, na nyota zikaondoka nayo. Nililia siku ile, kwa sababu watoto walikuja kuziokota. Kwa matumbawe paka chokaa iliyochanganywa na unga wa rangi, na vipande vipachike kwa chokaa na mchanga, si saruji. Jengo likiwa la kihistoria, usiliguse.

Kwa ukuta wa saruji: praima, kisha rangi ya maji ya nje, mikono miwili. Eneo la anga ni mita za mraba 15. Lita moja hupaka kama mita 10 kwa mkono mmoja, hivyo kopo la lita 4 linatosha. Usinunue nyeusi. Anga la usiku si jeusi, na ukuta mweusi hunywa joto la jua hadi lipu ikapasuka. Changanya buluu nzito na nyeusi kidogo, na kadiri unavyoshuka kwenye upeo wa macho ongeza nyeupe na kahawia kidogo, kwa sababu hapo hewa ni nzito. Bagamoyo upande wa chini kushoto tuliupa rangi ya machungwa iliyofifia: huo ni mwanga wa Dar es Salaam, uko angani kila usiku, na kuuficha kungekuwa uongo.

Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe hafifu unaokata anga, hupakwa kwa sponji, nyeupe iliyotiwa maji mengi, ikipita kutoka kushoto kwenye mashahidi, ikapitia Salibu, ikashuka kulia. Chini kushoto kwa Salibu acha doa bila kupaka. Si tundu; ni wingu la vumbi linalozuia nyota zilizo nyuma yake, na usiku wenye giza la kweli linaonekana kwa macho matupu.

Kukusanya na kuvunja

Kupachika kauri ukutani si mtindo wa kuazima. Makaburi ya Kunduchi yalipachikwa sahani na mabakuli ya China, na nguzo ya kaburi kule Mambrui, pwani ya Kenya, ilipambwa vivyo hivyo. Nenda ukatazame mashimo yaliyobaki pale vilipong'olewa. Usiokote hata kigae kimoja kutoka magofuni, kwani ni mali ya kale inayolindwa na sheria. Vya kwetu vitoke majumbani.

Weka ndoo kwenye duka la mtaa kwa wiki mbili na tangazo fupi: vyombo vilivyovunjika, visivyotumika. Kila anayeleta aseme kilikuwa cha nani. Bi mmoja alileta kikombe kisicho na mkono, chenye ukingo wa rangi ya kutu, alichokuwa akinywea kahawa marehemu mumewe. Alikuwa amekifunga kwenye kanga. Alikiweka mezani, akakigeuza ukingo uangalie kwetu, akasema, "Kama kitafaa." Kilifaa kuliko vyote. Gacrux ni jitu jekundu, yaani nyota kubwa mno yenye wekundu, na rangi yake halisi ni ile ile ya ukingo wa kikombe kile.

Rangi za nyota si pambo. Nyekundu ni zenye joto dogo kuliko wenzake, nyeupe ya buluu ni zenye joto kali. Acrux na Beta Centauri zipewe kauri nyeupe yenye buluu, Rijili Kantori njano iliyopauka, Gacrux kutu. Rangi ya kopo nyekundu hupauka haraka juani, na ukuta wetu hutazama kaskazini, jua linakouchoma miezi ya kati ya mwaka. Kauri imechomwa tanurini, haipauki.

Chombo kifunge ndani ya gunia kabla ya kukigonga nyundo. Glavu nzito, miwani ya fundi, viatu vya kufunika, na watoto wasivunje, wao wapange. Kila ukingo utakaobaki wazi usugue kwa jiwe la kunolea lililoloweshwa mpaka kidole kipite bila kukwama. Vioo sivitumii. Vinarudisha jua machoni mwa wapita njia.

Kupachika

Piga mstari wa upeo wa macho kwa uzi wa chaki na pima maji, mistari ya kusimama kwa timazi. Chora miraba 60, andika namba zake kwa chaki. Hamisha nyota mraba kwa mraba, na kila nyota ikaguliwe na mtu wa pili asiyeichora.

Ukubwa wa kipande ndio mng'ao wa nyota. Suheli sentimita 7, Rijili Kantori 6, Beta Centauri na Acrux 5, Gacrux na mwenzake wa mkono wa kushoto 4, mkono wa kulia 2 na nusu, na ile ndogo ya tano chini ya mkono wa kulia 1 na nusu. Usizidishe. Salibu nzima ina sentimita 30 tu kwa kipimo hiki, na vipande vikubwa vitagusana. Watu wataona ni ndogo na watakuomba uikuze. Kataa kwa upole. Nyota hafifu zaidi zipewe tone la rangi nyeupe, na zile ambazo hata mwenye macho makali huzitafuta, ziache.

Sugua rangi mahali pa nyota hadi ufikie lipu, lowesha, paka gundi ya vigae, kandamiza kipande mpaka uso wake ulingane na ukuta. Ukiwa na saruji tu, changanya moja kwa mchanga laini tatu. Jaza mianya kwa saruji nyeupe iliyotiwa rangi ya anga. Fanya kazi asubuhi kabla ukuta haujapata moto, na uufunike kwa gunia bichi siku mbili.

Sayari usiziweke. Zuhura na Mshtarii huhama, na mwaka ujao ukuta ungekuwa unadanganya. Majina yote, ya wazee na ya vitabu, yaandikwe kwenye kibao pembeni, si juu ya nyota. Chini ya kibao, usawa wa kifua cha mtoto, pachika Salibu na mashahidi wake tena kwenye kigae kimoja kilicho laini, kwa ajili ya asiyeona na kwa ajili ya vidole vyote.

Jiwe la kusimamia

Pima mita 2 na sentimita 86 kutoka ukutani, katikati, ufukie jiwe bapa. Mtu akisimama hapo akinyosha ngumi, inafunika mraba mmoja, kama inavyofunika ngumi moja ya anga. Maana yake Salibu ya ukutani na Salibu ya angani zinaonekana zikiwa na ukubwa uleule. Ya kweli iko juu zaidi, Bagamoyo ngumi tatu na nusu kutoka upeo wa macho, kwa hiyo paa likiifunika rudi nyuma hatua tano.

Usiku wa ufunguzi usikodi taa. Mtoto ashike tochi ndogo kando ya jicho lake, aielekeze ukutani, na kauri itamrudishia mwanga kipande kimoja kimoja. Kisha azime, asubiri, atazame juu ya paa. Mwambie mwanga wa Rijili Kantori anaouona uliondoka kule miaka 4 na ushee iliyopita, akufanyie hesabu alikuwa darasa gani.

Kila mwaka baada ya masika osha ukuta kwa maji ya sabuni na kitambaa, gonga kila nyota kwa ukucha. Inayolia kama kitu chenye uwazi ndani imeanza kuachia. Ing'oe kabla haijaanguka na uipachike upya. Vipande vilivyobaki vihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, ndani uweke karatasi ya miraba na orodha ya vyombo na wenyewe, na ndoo ikae kwa mtu anayelala jirani na ukuta.